Sheria ya Kiti Chekundu

Mwanamke huyu alikuwa na viti mia nne, na hakuwa na hata dakika moja ya kukaa. Ukimwambia "karibu kiti" alikutazama kama umemtukana, kisha akakipindua hicho kiti miguu juu, akakigonga kidole mgongoni, akakwambia kina ufa na kabla ya mwezi kwisha kitamwaga mtu mnene mbele ya wakwe zake. Watu walimwita Mama Viti. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilibaki chini ya godoro.

Kazi yake ilikuwa kukodisha viti na mahema kwa wenye sherehe: harusi, mahafali, siku za kuzaliwa, na zile sherehe ambazo hata mwenyewe hajui anasherehekea nini, ila spika zimeshafika. Uani kwake viti vilipangwa kumi kumi, mnara juu ya mnara, mpaka dirisha la chumbani likazibwa. Mumewe, mlinzi wa zamu ya usiku, alilala mchana kutwa kwenye giza hilo la plastiki na kusema ndiyo faida pekee aliyowahi kuiona katika biashara ya mkewe. Mpakiaji mkuu aliitwa Kimya, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kunyamaza.

"Mama, hiki cha nne kimelegea goti."

"Kiweke pembeni."

"Na hiki kimekaliwa na mtu wa roho mbaya, angalia kilivyopinda."

"Kimya, pakia."

Viti vilivyopasuka alivishona mwenyewe. Alipasha waya kwenye mkaa, akautoboza kwenye plastiki upande na upande, akaukaza kwa koleo. Alishona huku amesimama, mguu mmoja juu ya tofali, na akimaliza kimoja alizunguka uwanja mzima kabla ya kushika cha pili, kama mtu aliyesahau kitu na hakumbuki ni kitu gani.

Wapo wanaosoma viganja. Yeye alisoma chini ya viti. Asubuhi baada ya sherehe alifika na gunia na ufagio kabla mwenye nyumba hajapata nguvu ya kufungua macho, na akajua yote: nani alikula mara mbili, nani alilia, nani alivua viatu akacheza, nani aliondoka na viatu visivyo vyake. Na kwenye hema la watoto aliokota chupa za soda. Alikuwa na tabia ya kuzinusa. Soda ya chungwa aliijua harufu yake. Hii ya kwenye chupa za watoto ilikuwa ya chungwa lililokwenda jeshini.

Miaka sita alinusa, akatia guniani, akafunga mdomo wa gunia na wa kwake. "Mimi ni wa viti," alimwambia Kimya. "Vya mezani vina wenyewe." Mteja ukimuuliza nani kamtilia mtoto pombe kali kwenye soda, mteja atakwenda kukodi kwa mwingine, na huko kwa mwingine watoto watakunywa vilevile, ila kwenye viti vibovu. Hivyo ndivyo alivyojifariji, na faraja ile ilimtosha vizuri tu.

Mpaka alipougua mtoto wa fundi viatu.

Mtoto alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwenye sherehe moja ya mahafali, wajomba zake wawili, watu wazima wenye masharubu na watoto wao wenyewe nyumbani, walimsimamisha juu ya meza, wakampa chupa ya soda waliyoichanganya, wakahesabu kwa sauti huku yeye anagugumia. Moja! Mbili! Tatu! Watu wakapiga makofi. Mshereheshaji akaongeza muziki. Mtoto alilala hospitali siku tatu, mpira puani, na aliporudi kitu fulani hakikurudi naye. Anaanza sentensi vizuri, katikati inamponyoka, anabaki anakutazama kama wewe ndiye uliyemwibia.

Viti vya sherehe ile vilikuwa vya Mama Viti. Na chupa ile aliiokota yeye asubuhi yake, akainusa, akaitia guniani kama kawaida.

Kabla ya hapo kutokukaa kwake ilikuwa kazi. Baada ya hapo ukawa ugonjwa. Alikula amesimama. Alisuka nywele za binti yake amesimama, mpaka msichana akalalamika kwamba anavutwa kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Kanisani alisimama hata padri alipowaambia wakae, na padri, kwa kudhani kaguswa na neno, akarefusha mahubiri.

Mkutano wa mtaa kuhusu mtoto yule ukaitishwa kwenye darasa la watoto wadogo, kwa sababu ndilo lililokuwa na taa nzima. Watu wazima wa mtaa walijibana kwenye madawati ya watoto wa miaka sita, magoti yakiwa karibu na masikio, na kwa namna ile ilikuwa vigumu kwa yeyote kujifanya mheshimiwa. Mwenyekiti wa mtaa alifungua kikao. "Huyo ni mwenyekiti wa kimoja," Mama Viti alimnong'oneza jirani yake, "mimi nina mia nne na sijawahi kupigiwa saluti." Kisha Nesi Mstaafu, mama mfupi aliyewazalisha nusu ya waliokuwamo na kuwadunga sindano nusu nyingine, akachukua uongozi bila kuuomba.

Mwenye baa alinyoosha mkono wa kwanza. "Jamani, mimi sijawahi kumuuzia mtoto. Waulizeni watoto wenyewe."

"Ni kweli," Nesi akasema. "Watoto hawanunui. Wananunuliwa. Kila tone lililoingia kwenye tumbo la yule mtoto lilipita kwenye mkono wenye pete ya ndoa."

Watu walianza kuficha mikono chini ya madawati.

Hapo akasimama kaka yake Mama Viti. Mtaa mzima ulimwita Breki, kwa sababu alikuwa mwalimu wa udereva kwa miaka thelathini na neno hilo ndilo alilopiga kelele zaidi maishani. "Mimi naongea kitaalamu," alisema. "Dereva humwachii gari siku anapotimiza umri halafu ukamwambia nenda. Unampa usukani mapema, wewe uko pembeni, mguu wako tayari. Pombe ni hivyohivyo. Mtoto aonje mbele yangu, nyumbani, nikimwona. Ni bora kuliko kwenda kunywea kichochoroni na wahuni."

Vichwa vingi vilikubali. Ilikuwa hoja nzuri, ina magurudumu.

"Na mguu wako unakanyagia wapi kwenye tumbo la mtoto, mwalimu?" Nesi akauliza, na darasa likacheka.

Nyuma kabisa, karibu na ramani ya mfumo wa jua, fundi viatu hakucheka. "Walikuwa mbele yake," alisema. "Wajomba zake. Wote wawili walikuwa mbele yake kabisa."

Waliocheka wakainamisha macho kwenye madawati.

Ikatafutwa njia. Mmoja alitaka mabango, mwingine maombi, wa tatu alitaka viboko lakini hakusema vya nani. Nesi alitaka jambo dogo tu: mhudumu kabla ya kumimina amuulize mnywaji umri wake. Mhudumu mmoja aliyekuwapo akashika kichwa. "Nimuulize mtu umri mbele ya baba yake aliyeniajiri? Mama, hiyo ni kumwambia mzee wa watu hajui kulea. Nitatolewa hapo na sinia kichwani." Na wote wakaona kweli, hilo haliwezekani. Kumnywesha mtoto lilikuwa kosa, lakini kumuuliza mwenye sherehe maswali kwake, hiyo ilikuwa dharau.

Ndipo Mama Viti, ambaye alikuwa amesimama tangu mwanzo, akasema: "Basi asiulizwe mtu. Kiulizwe kiti."

Wakamgeukia.

"Viti vyekundu kwa watu wazima, vyeupe kwa watoto. Mhudumu haangalii sura wala hamuulizi mtu kitu. Chekundu, anamimina. Cheupe, soda. Kila sherehe ya mtaa huu iwe hivyo, na asiyekubali simkodishii."

Makofi yalilipuka mpaka chaki zikaruka ubaoni. Hakuna atakayemuuliza mtu, hakuna atakayeona aibu, na watoto watakuwa salama! Wenye midomo walikumbushana baadaye kwamba Mama Viti alikuwa na viti vyekundu mia moja na ishirini ambavyo maharusi walikuwa wamevikataa mwaka mzima, kwa kuwa kwenye picha vilimfanya bibi harusi aonekane ana homa. Yeye alisema ni bahati tu. Nesi peke yake hakupiga makofi. "Kiti hakina macho, mama," alimwambia mlangoni.

"Ndiyo uzuri wake," Mama Viti akajibu. Maskini, alikuwa anajidai.

Miezi miwili sheria ilitembea kama imetiwa mafuta. Kikongwe mmoja wa miaka themanini na kitu alichagua kiti cheupe kwa sababu mgongo wa kiti hicho ni mpole, akanyimwa glasi yake ya bia. "Bibi, hicho ni kiti cha soda." "We mtoto, mimi nimemzaa aliyemzaa bosi wako!" Ikabidi ahamishwe na mto wake na fimbo yake na maneno yake yote. Bwana mmoja alipaka kigoda chake rangi nyekundu akakibeba kila alikoalikwa, hata kwenye mkutano wa wazazi. Mwandishi wa gazeti alikuja akampiga Mama Viti picha kati ya minara miwili, mweupe na mwekundu. Alimwomba akae kidogo. Akakataa.

Na chupa za chini ya viti vyeupe, jamani, zilinuka chungwa tupu. Alizinusa moja baada ya nyingine hadi pua ikamchoka. Alipaswa kufurahi, na alijaribu. Lakini chini ya viti vyekundu alianza kuokota vitu ambavyo havikuwa na maelezo. Kibanio cha nywele chenye kipepeo. Kifutio chenye umbo la chungwa dogo. Beji ya shule. Kijiti cha peremende kilichotafunwa ncha.

"Watoto hupita kuwasalimia wazazi," alimwambia Kimya.

"Huyu aliyepita hapa," Kimya akasema, akiinamia mchanga, "alipita akatapika."

"Kimya, pakia."

Akavitia vitu vile kwenye mfuko wa aproni, na siku nzima mkono wake ukawa unaingia mfukoni na kutoka, unaingia na kutoka.

Kaka yake akastaafu. Hapa lazima ieleweke Breki alikuwa nani kwake. Baba yao alipofariki, Breki alikuwa na miaka kumi na tisa na yeye saba. Kaka ndiye aliyempeleka shule juu ya baiskeli, ndiye aliyesimama kama baba siku anaolewa, na zawadi aliyompa siku hiyo ilikuwa viti ishirini vya plastiki. "Hata mkigombana," alimwambia, "utakuwa na pa kukaa." Kutoka viti hivyo ishirini ndipo ilipozaliwa hiyo mia nne. Kwa hiyo Breki alipokuja kutaka viti vya sherehe ya kustaafu, hapakuwa na mazungumzo ya kukodi. Vilipakiwa vyote.

Sherehe ilifanyika Jumamosi mchana katika uwanja wa shule ya udereva, kule wanafunzi wanakojifunza kurudi kinyumenyume kati ya mapipa. Mahema yalifungwa kwenye mapipa hayohayo. Walikuja wakuu wa shule, wanafunzi wa zamani, ndugu, majirani, na watu watatu waliosema ni wanafunzi wa zamani lakini wakashindwa kuonyesha hata giya. Wifi yake, mke wa Breki, alimkuta anazunguka na kitambaa mkononi.

"Wifi, si ukae? Unawatia wageni wangu kizunguzungu."

"Nakagua miguu ya viti."

"Miguu ya viti imetulia. Ya kwako ndiyo inayonitia wasiwasi."

Alizunguka tena. Mkuu wa shule alikuwa kwenye kipaza sauti akieleza jinsi Breki alivyowahi kusimamisha gari lisilo na injini. Watu walicheka. Meza ya pembeni ya hema kubwa, yote ya viti vyekundu, ilikuwa na kelele zaidi kuliko nyingine, na mhudumu alikuwa ameinama akimmiminia bia mwanamke mrefu aliyempa Mama Viti mgongo, nywele zimepandishwa juu kama kiota. Mama Viti alipita, akapitiliza, kisha miguu yake ikarudi yenyewe. Nywele zile zilikuwa ngeni kwake. Hakuwa amezisuka yeye, lakini shingo iliyokuwa chini yake alikuwa ameiosha kwa miaka kumi na minne.

Mlingoti. Ndivyo walivyomwita binti yake wa mwisho, kwa urefu wake. Binamu zake walikuwa wamempaka rangi ya midomo na kumwazima viatu vya kisigino. Kulia kwake na kushoto kwake wamekaa watoto wengine wawili wa rika lake, kila mmoja na glasi, kila mmoja kwenye kiti chekundu.

"Unafanya nini?" Mama Viti alimwambia mhudumu.

Mhudumu akainua uso, hana wasiwasi hata chembe. "Namimina, mama. Kiti chekundu."

"Huyu ni mtoto!"

"Sikumwangalia, mama. Mlisema tusiwaangalie."

Alisema kwa heshima kabisa, na hiyo ndiyo iliyouma. Mama Viti akamgeukia binti yake. "Hiyo ya ngapi?"

"Ya tatu," Mlingoti akasema. Macho yalikuwa yameanza kuelea.

"Na leo ndiyo mara ya kwanza?"

Msichana akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu ambaye hajui kama anatakiwa acheke. "Mama, tangu mlete hivi viti. Zamani mjomba alikuwa ananipa kwa kujificha, kwenye soda. Sasa si kuna sheria? Ukikaa hapa hakuna anayekuuliza."

Mama Viti akaitazama ile glasi. Zamani walijificha. Kwa kujificha kulikuwa na woga kidogo, na kwa woga mtoto alipata matone. Yeye na akili zake na makofi ya darasa zima wameiondoa hata aibu.

Breki akafika, jasho la furaha linamtiririka, mikono imefunguka. "Mdogo wangu! Nimemkaribisha mimi mwenyewe. Siku ya mjomba wake asionje? Anywe mbele yetu, tunamwona."

"Nani anamwona, kaka? Mimi mama yake nimempita mara nne."

"Usinitie aibu na wakubwa wangu wamekaa."

"Wamekaa kwenye viti vyangu."

Neno lile lilimtoka kabla hajalipima. Breki akasogea karibu, sauti ikashuka. "Hivyo viti nani alikupa? Nikumbushe. Umesahau ulikuwa unakalia ndoo?"

"Sijasahau hata siku moja. Ndiyo maana nimenyamaza miaka yote hii."

"Basi endelea."

Hapo ndipo angeweza kumshika binti yake mkono, akamrudisha nyumbani, akamtapisha, akamlaza, na kila mtu akala keki. Wangesema Mama Viti ana hasira kidogo. Jumamosi ijayo viti vyekundu vingepakiwa tena kwenda kwa watu wengine, na mtoto wa mtu mwingine angekaa. Alisimama, mkono mfukoni kwenye aproni, vidole vimeshika kile kibanio cha kipepeo mpaka kikavunjika.

"Kimya!" aliita. "Vyekundu vyote. Pakia."

Kwa mara ya kwanza katika historia, Kimya hakuwa na la kusema.

Alianza yeye mwenyewe. Alimwendea binti yake akamwinua, akakichukua kiti. Akawainua wale wawili. Kisha akahamia meza ya wakubwa. "Samahani mzee, inuka kidogo." Mkuu wa shule alikuwa amerudi kutoka kwenye kipaza sauti, akashusha makalio kwa heshima zote, akakuta hewa, mke wake alimdaka kwa tai. "Samahani shangazi. Samahani bwana. Na wewe uliyekuja na kigoda chako, hicho ni chako, kaa nacho." Watu walisimama na sahani mikononi kama wanaosubiri basi. Mshereheshaji, kwa kutojua afanye nini, akatangaza kwamba sasa ni wakati wa kucheza.

Mama Viti akamnyang'anya kipaza sauti. Hakuwa mtu wa hotuba. "Jamani. Ile sheria ya kiti ilikuwa yangu, na ni ujinga. Nilitaka tusiulizane. Binti yangu ana glasi tatu tumboni kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Basi." Akamrudishia mtu kipaza sauti chake.

Breki alikuwa amesimama katikati ya uwanja wake, kati ya mapipa ambayo amewafundishia nusu ya mji. Alikuwa mtu mkubwa, na kwa dakika ile alionekana kama gari lililozimika kwenye mzunguko. "Ukiondoka na hivyo viti," alisema, si kwa sauti kubwa, "usikanyage kwangu."

Akaondoka navyo.

Lakini kabla pikapu haijawashwa, Kimya, aliyekuwa juu ya mzigo, alimgusa bega na kumwonyesha. Chini ya hema mhudumu yuleyule alikuwa amesimama na chupa mkononi mbele ya mvulana mmoja mwenye ndevu tatu. Hakukuwa na viti vya kumwambia la kufanya. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akalazimika kuangalia uso. Walimwona midomo ikitikisika. Mvulana akajibu kitu. Baba mtu akageuka, amekunja sura, tayari kukasirika, akamtazama mhudumu, akamtazama mwanawe, kisha akageukia sahani yake. Chupa ikaenda meza nyingine.

Binti yake alitapika mara mbili njiani na kulala mpaka jioni. Mama alimzunguka kitanda. Mumewe, aliyeamshwa na kelele na kugundua kwamba siku hiyo dirisha lina mwanga, aliuliza kama kuna mtu amekufa.

Siku tisa Mlingoti hakuongea naye. Siku ya kumi, akiwa anasugua viti kwa brashi na sabuni ya unga, alisema bila kuinua kichwa: "Ungeniuliza mimi tu, pembeni. Kulikuwa na haja gani ya kuwainua watu wote wale?"

"Ningekuuliza ungesemaje?"

Msichana akafikiri. "Ningesema kimekosewa kuwekwa."

Wote wawili wakacheka bila kutaka, kisha wakaendelea kusugua.

Mtaa uligawanyika. Wapo waliomwita mchawi wa sherehe na kwenda kukodi mtaa wa pili. Wapo waliokuja kimyakimya kumshukuru, na hao ndio waliomkera zaidi, maana walikuwa na watoto kwenye meza ileile na hawakufungua mdomo. Nesi Mstaafu alikuja na daftari la shule. Kila anayetaka viti, kabla havijapakiwa, angeulizwa uso kwa uso: nani anamimina kwenye sherehe yako, na nani anawaangalia watoto? Jina liandikwe, na mhudumu asomewe. Na Mama Viti mwenyewe angepita kati ya meza akiwatazama watu usoni na kuwauliza umri, jambo ambalo lilimtoa jasho kila mara. Fundi viatu alijiandikisha kuongozana naye. Yeye haulizi kitu. Anasimama tu karibu na meza, na watu waliokuwa wakinyoosha chupa wanakumbuka kuwa wana simu ya kupokea.

Wiki ya saba Breki alikuja. Hakupiga hodi, alisimama kwenye lango la uani mpaka Kimya alipomwona na kusema yote aliyokuwa ameyaweka kwa wiki saba. Wifi ndiye aliyekuwa amemsukuma, ilijulikana. Binti mkubwa wa Breki alikuwa anaolewa, na viti vya mtaa wa pili vilikuwa vimemwangusha tayari mchumba wake siku ya utambulisho.

"Hujambo," alisema.

"Sijambo, kaka. Shikamoo."

"Marahaba." Akatazama minara. Ilikuwa imechanganywa sasa, nyekundu na nyeupe ovyo, kama nyumba iliyojengwa na mlevi. "Nataka viti."

Alitamani kumwambia chukua vyote, chukua na nyumba. Badala yake akafuta mikono, akafungua daftari. "Nani anamimina?"

"Na mimi unaniuliza hilo?"

"Wewe hasa."

Breki akavuta pumzi, mashavu yakajaa. Kimya alishuka kutoka kwenye mnara ili asikose neno. Breki akaligeukia lango, kisha akamgeukia tena mdogo wake.

"Andika wahudumu," Breki akasema mwishowe. "Watoto andika wifi yako. Mimi usiniandike popote."

"Kwa nini?"

"Nikishaonja mimi nampenda kila mtu," alisema, akitazama pembeni. "Na nikimpenda mtu namkaribisha. Sijui kufanya vingine. Yule mtoto wako nampenda kuliko wa kwangu, unajua?"

"Najua."

"Basi njoo mapema. Kabla sijaonja."

Mama Viti akaandika: viti vifike saa nne asubuhi. Akalitazama neno lile, akazunguka mnara mmoja, akarudi, akalikata, akaandika saa mbili.